Kuhe Ndani ya Kioo: Historia ya Samaki wa Tanganyika Waliofugwa Majumbani

Kuhe ndiye samaki mkubwa kuliko wote wa jamii ya sikilidi barani Afrika. Jamii hiyo, ambayo wataalamu huiita Cichlidae, ndiyo ya perege, sato na furu, na ina aina zaidi ya 1,600 katika maziwa na mito ya Afrika, Amerika ya Kati na ya Kusini, Madagaska na sehemu chache za Asia. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Kuhe, mwenye jina la kitaalamu Boulengerochromis microlepis, hupatikana katika Ziwa Tanganyika peke yake. Huko hufikia sentimita 60 hadi 80 akikomaa, na uzito wake huvuka kilo nne.

Ndugu zake wadogo wa ziwa hilohilo wamefugwa katika matangi ya vioo ya Ulaya, Marekani na Japani kwa zaidi ya miaka sitini. Yeye ameingia humo kwa nadra, na aliyeingia mara nyingi hakudumu. Kilichomzuia ni kimo chake. Kwa kufuata jinsi biashara ya samaki wa mapambo ilivyoanza, ilivyokua na ilipogota, inaeleweka kwa nini mwindaji huyu alibaki samaki wa ziwani na wa sokoni, na ni kwa kiasi gani samaki wa aina yake anaweza kukua ndani ya nyumba.

Ziwa na mwindaji wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470 penye shimo kubwa zaidi. Kwa kina, ni la pili duniani baada ya Baikal. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia zinagawana maji yake. Bonde lake lilianza kujaa mamilioni ya miaka iliyopita, na muda huo mrefu uliwapa samaki nafasi ya kutengana katika aina nyingi. Sikilidi wa ziwa hili ni zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani pengine popote. Maji yake ni maangavu, yana madini mengi na ukali wa magadi, na joto la tabaka la juu halishuki sana chini ya nyuzi 24 mwaka mzima. Oksijeni imo katika tabaka hilo tu. Chini ya mita mia moja hadi mia mbili na kitu, kutegemea upande wa ziwa, samaki hawezi kuishi.

Kuhe anaishi juu ya sakafu ya mchanga na katika maji ya wazi karibu na pwani. Mwili wake ni mrefu na mwembamba kuliko wa perege, magamba yake ni madogo, rangi yake ni ya fedha inayoelekea dhahabu, na ubavuni ana madoa makubwa meusi. Akiwa mdogo hula uduvi na wadudu wa majini. Akikua hufukuza samaki wenzake, dagaa wakiwamo, kwa kasi inayohitaji nafasi kubwa mbele yake.

Uzazi wake unaeleza mengi kuhusu kimo chake. Dume na jike huandamana, husafisha mahali sakafuni, na jike hutaga maelfu ya mayai. Wazazi wote wawili hulinda mayai, kisha vifaranga, kwa wiki kadhaa dhidi ya kila anayekaribia. Watafiti wa Kijapani waliochunguza malezi ya samaki wa ziwa hilo kwa kuzamia, pamoja na wazamiaji wengine waliowafuata, waliona kwamba katika kipindi hicho wazazi hawali, na miili yao hukonda. Wataalamu wengi wanaamini kuwa kuhe huzaa mara moja tu maishani kisha hufa. Mwili mkubwa ndio akiba anayoitumia katika ulinzi huo, na kwa hiyo maisha yake ya awali yote huelekezwa kwenye kukua.

Kwa watu wa mwambao, kuhe ni kitoweo. Huvuliwa kwa ndoana na kwa nyavu, na hufika katika masoko ya Kigoma, Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu pamoja na mgebuka, sangala na dagaa. Wavuvi walimjua kwa jina na kwa tabia muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kumweka kwenye chupa ya makumbusho.

Samaki katika chupa

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakifuata njia ya misafara ya biashara kutoka pwani ya Bagamoyo. Speke alirudi na konokono na kombe za ziwani, na mwaka 1859 S. P. Woodward aliziandikia maelezo jijini London. Baadhi yake zilifanana na za baharini, jambo lililozua swali gumu. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona kiwavi-maji, mnyama anayejulikana zaidi baharini, akielea katika maji baridi ya Tanganyika. Dhana ikajengeka kwamba ziwa hilo lilikuwa kipande cha bahari ya kale kilichonaswa barani.

Dhana hiyo ndiyo iliyowaleta wakusanyaji. J. E. S. Moore alifanya msafara wake wa kwanza kuanzia mwaka 1895 na wa pili mwaka 1899 hadi 1900, kisha mwaka 1903 akachapisha kitabu cha kuitetea. Msafara wa tatu, wa W. A. Cunnington, ulifanyika mwaka 1904 na 1905. Matokeo yake hayakuiunga mkono dhana ya bahari: viumbe wa ziwa walikuwa wamebadilika humohumo ndani. Hata hivyo samaki waliokusanywa walikuwa wamekwisha kufika katika makumbusho ya London.

Aliyewapokea ni George Albert Boulenger, mwanazuolojia mzaliwa wa Brussels aliyefanya kazi katika makumbusho hayo. Mwaka 1898 aliandika maelezo ya samaki mdogo wa miambani aliyempa jina la Tropheus moorii, kumheshimu Moore. Mwaka 1899 aliandika maelezo ya kuhe kwa jina la Tilapia microlepis, yaani tilapia mwenye magamba madogo. Mwaka 1904 Jacques Pellegrin wa Paris aliona kuwa samaki huyo hawezi kuwekwa kundi moja na tilapia, akamwundia jenasi yake mwenyewe na kuiita kwa jina la Boulenger. Hadi leo jenasi hiyo ina aina moja tu. Kutoka katika mkusanyo wa Cunnington, Boulenger alimtambulisha mwaka 1906 samaki mwenye nundu kwenye paji la uso, ambaye baadaye angepata umaarufu mkubwa kwa jina la frontosa.

Kazi kubwa iliyofuata ni ya Wabelgiji. Max Poll alishiriki uchunguzi wa ziwa wa mwaka 1946 na 1947, na mwaka 1956 alichapisha juzuu nene juu ya sikilidi wake. Michoro na vipimo vya juzuu hiyo viliwafikia pia watu ambao hawakuwa wanasayansi: wafugaji wa samaki wa nyumbani, waliokuwa wakitafuta sura mpya za kuweka katika vioo vyao.

Tangi la kioo na mipaka yake

Ufugaji wa samaki ndani ya sanduku la kioo ulianza kuenea Ulaya katikati ya karne ya 19. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, na bei ya kioo ikashuka. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi mimea ya majini, konokono na samaki wachache wanavyoweza kutunzana katika chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafanya watu wa tabaka la kati watamani tangi sebuleni. Huko Ujerumani, makala za Emil Adolf Rossmässler za mwaka 1856 zilieneza tamaa hiyohiyo kwa samaki wa maji baridi.

Matangi hayo yalikuwa na fremu za chuma, sakafu ya jiwe la sleti na vioo vilivyozibwa kwa lami au chokaa ya mafuta. Yalivuja, yalishika kutu, na hayakuwa na pampu. Hewa iliingia majini kupitia uso wa maji na majani ya mimea, kwa hiyo idadi na ukubwa wa samaki vilitegemea upana wa uso huo. Joto lilikuwa tatizo jingine. Samaki wa nchi za joto walihitaji moto chini ya sleti, wa mafuta ya taa au gesi, na usiku mmoja wa baridi ulitosha kuwaua wote.

Katika hali hiyo walifaa samaki wadogo na wavumilivu. Pierre Carbonnier wa Paris alipata sifa mwaka 1869 kwa kuzalisha samaki wa China anayeweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Sikilidi wa kwanza waliotia mizizi Ulaya, katika miaka ya 1890, walitoka Amerika ya Kusini na walistahimili baridi kiasi. Oska wa Amazon, mwindaji anayefika sentimita 30 na zaidi, alikuja baadaye, umeme ulipoingia majumbani na kuleta hita na pampu ndogo za hewa. Kila kifaa kipya kilipandisha kidogo kimo cha samaki aliyeweza kufugwa. Mabara mengine yalikuwa tayari yameshachangia samaki wao, na Tanganyika ilikuwa bado haijafikiwa, kwa kuwa ilikuwa mbali mno na meli.

Ndege, mfuko na gundi

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini safari ya treni hadi Dar es Salaam na kisha ya meli hadi Ulaya ilikuwa ya wiki nyingi. Samaki hai wa ziwani, aliyezoea maji yenye oksijeni tele na joto lisilobadilika, hakuweza kuivumilia. Biashara iliwezekana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mambo matatu yalipokutana.

La kwanza ni ndege za mizigo na za abiria zilizofupisha safari kuwa ya siku moja au mbili. La pili ni mfuko wa plastiki: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni safi, ukafungwa kwa mpira na kuwekwa katika boksi linalozuia joto lisitoke. Makopo ya bati yaliyotumika zamani yalikuwa mazito na yalihitaji mtu wa kuyatikisa njiani. La tatu ni gundi ya silikoni, iliyoenea katika miaka ya 1960. Kwa gundi hiyo vioo vitano viliweza kuunganishwa bila fremu, na tangi la lita 300 au 500 likawa kitu cha kawaida katika nyumba ya mfanyakazi wa Ujerumani au Marekani.

Samaki wachache wa Tanganyika walifika Ulaya katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitangulia kwa umaarufu wale wa Ziwa Nyasa, hasa mbuna wa miambani wenye rangi za buluu na manjano, waliosafirishwa kutoka upande wa Malawi. Rangi hizo, ambazo zamani zilihusishwa na samaki wa baharini tu, zilizua wimbi jipya. Wafugaji wa sikilidi wakaunda vyama vyao, cha Marekani mwaka 1967 na cha Ujerumani mwaka 1970, na wanachama wakaanza kuuliza kuna nini katika ziwa la jirani.

Jibu lilitoka Burundi. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa Mto Kongo kutoka Léopoldville, alihamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujenga kituo cha kukusanya na kuhifadhi samaki wa Tanganyika. Alizamia mwenyewe, aliandika alichokiona chini ya maji, na vitabu vyake vya mwaka 1978 na 1989 vikawa rejea kuu ya wafugaji. Samaki kadhaa waliobainishwa miaka hiyo wana jina lake. Baadaye vituo vingine vilianzishwa upande wa Zambia na wa Tanzania, na Kigoma ikawa mojawapo ya milango ya biashara hiyo.

Kazi ya kukamata ilikuwa, na bado ni, ya mikono. Wazamiaji hutandaza wavu mwembamba kuzunguka mwamba, huwafukuza samaki kuuelekea, kisha huwatoa mmoja mmoja. Wanaoishi ndani zaidi hawawezi kupandishwa kwa mara moja, kwa kuwa kifuko chao cha hewa hutanuka shinikizo linapopungua na kuwaumiza. Huwekwa katika vizimba na kuinuliwa hatua kwa hatua. Kisha hukaa siku kadhaa bila chakula ili wasichafue maji ya mfuko, na kupelekwa uwanja wa ndege.

Kwa kuwa samaki wa miambani hawapendi kuvuka mchanga, kila ghuba ina rangi yake. Wanunuzi wakadai kujua samaki katoka wapi hasa, na majina ya vijiji na vituo vya mwambao yakageuka kuwa majina ya bidhaa. Ikola, Maswa, Kipili, Moliro, Moba na Mpulungu yakaandikwa kwenye orodha za bei za Ulaya na Japani na watu ambao hawakuwahi kuviona vijiji hivyo.

Mzigo uliolipiwa kwa uzito

Kuhe aliogelea mbele ya wazamiaji haohao, lakini hakuwekwa katika orodha hizo ila mara chache. Usafiri wa ndege hulipiwa kwa uzito, na uzito mkubwa wa boksi la samaki ni maji. Mfuko mmoja unabeba samaki wadogo kadhaa wenye thamani kubwa. Samaki mmoja wa sentimita 40 anahitaji boksi zima, humaliza oksijeni haraka, na huweza kuutoboa mfuko kwa miiba ya mapezi yake. Waliosafirishwa walikuwa kuhe wadogo, na mnunuzi aliyemwona samaki mwembamba wa sentimita kumi hakupata dalili ya kile alichokuwa akipeleka nyumbani.

Aliyechukua nafasi ya samaki mkubwa wa Tanganyika katika biashara ni frontosa. Ana milia myeusi mwilini, mapezi ya buluu na nundu inayokua kadiri anavyozeeka. Madume hufika sentimita 30 hadi 35. Naye ni mwindaji, lakini wa taratibu: huwavizia samaki wadogo wakati wa mwanga hafifu, hasa alfajiri, wakati mawindo hayajaamka vizuri. Mwili unaokwenda polepole unaridhika na nafasi ndogo. Tangi la lita 600 lenye urefu wa mita mbili linaweza kulihifadhi kundi dogo kwa miaka mingi, na jike huatamia mayai machache mdomoni badala ya kulinda eneo zima. Frontosa wa Moba, upande wa Kongo, mwenye buluu iliyokolea, alikuwa miongoni mwa samaki ghali zaidi wa ziwa hilo. Leo wengi wanaouzwa wamezaliwa katika matangi ya Ulaya na Asia, na hilo limepunguza mahitaji ya kuwakamata ziwani.

Frontosa alionyesha mahali ambapo tangi la nyumbani liligota. Kimo cha sentimita 30 kiliwezekana kwa mtu wa kipato cha kati. Kilichozidi hapo kilihitaji nyumba kujengwa kwa ajili ya tangi.

Kimo na maji

Miongoni mwa wafugaji wa zamani ilienea imani kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa chombo chake, kisha husimama salama. Imani hiyo ilitokana na kilichoonekana: samaki wa kwenye matangi walikuwa kweli wadogo kuliko wa porini. Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye. Samaki huendelea kukua maisha yake yote, ingawa kasi hupungua kwa umri, na kasi hiyo hutegemea chakula, joto, oksijeni na usafi wa maji. Katika tangi dogo taka zake humrudia. Matamvua hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa nitriti kisha nitreti, na nitreti hulimbikizana hadi maji yabadilishwe. Samaki anayeishi katika uchafu huo hudumaa, huugua na hufa kabla ya wakati wake. Kudumaa kwake ni dalili ya ugonjwa wa muda mrefu, hata kama anaonekana mzima.

Hesabu ya uzito inaonyesha ukubwa wa tatizo. Urefu wa samaki ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka karibu mara nane. Kuhe anayekua kutoka sentimita 10 hadi 60 ameongeza urefu mara sita, lakini uzito wake umeongezeka zaidi ya mara mia mbili. Chakula anachohitaji na taka anazotoa hupanda pamoja na uzito huo. Kichujio kilichotosha siku aliponunuliwa hakina maana miaka miwili baadaye.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Tangi la kawaida lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kina cha 50 hubeba lita 300. Kuhe wa sentimita 60 hawezi hata kugeuka ndani yake bila kujipinda. Tangi la urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 80 hubeba lita 2,880, yaani karibu tani tatu za maji kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Hilo haliwekwi ghorofani bila mhandisi. Hata humo, urefu wote ni mara tano tu ya mwili wa samaki aliyezoea kufukuza mawindo katika maji yasiyo na ukuta. Kuhe akishtuka hujigonga kwenye kioo na kuumia mdomo, au huruka nje kama kifuniko ni chepesi. Jozi inayotaka kuzaa huhesabu tangi zima kuwa eneo lake, na samaki wengine waliomo hawana pa kukimbilia.

Kwa sababu hizo, wachache waliofugwa majumbani mara nyingi hawakufikia kimo cha wenzao wa ziwani. Mahali pa kuhe palibaki kuwa matangi ya maonyesho ya umma na ya wafugaji wachache wenye mabanda maalumu, ambako maji huhesabiwa kwa maelfu ya lita.

Wakubwa wa Amerika

Kuhe ana washindani upande wa pili wa Atlantiki. Cichla temensis wa mabonde ya Orinoco na Rio Negro, aliyetambulishwa na Alexander von Humboldt mwaka 1821, hukaribia mita moja na uzito wa kilo 12 na zaidi. Ndiye sikilidi mzito kuliko wote. Amerika ya Kati ina Parachromis dovii, mwindaji wa mito na maziwa ya Honduras, Nikaragua na Kosta Rika, anayefika sentimita 70 porini. Albert Günther alimtambulisha mwaka 1864 na kumpa jina la nahodha John Dow, aliyemkusanya. Ndugu yake wa Ziwa Managua, mwenye madoa kama chui, hupita sentimita 50.

Hawa waliingia majumbani Marekani kwa wingi kuliko kuhe. Njia ilikuwa fupi, walizaa kwa urahisi vifungoni, na walistahimili maji mabaya ambayo samaki wa Tanganyika hawezi kuyavumilia. Dume la dovii lililolishwa vizuri katika tangi la lita elfu moja au zaidi hupita sentimita 50, na huweza kumuua jike wake katika siku moja. Kwa hiyo mara nyingi samaki mmoja hufugwa peke yake katika tangi zima.

Kukua kwao kulileta tatizo jipya: la kuwatoa. Katika mifereji ya Florida kuna oska na sikilidi wengine waliotoroka kutoka mashamba ya samaki wa mapambo au waliotupwa na wenye matangi. Mwaka 1984 jimbo hilo lenyewe lilianza kupandikiza Cichla katika mifereji ya Miami ili awale samaki wageni na kuwapa watu uvuvi wa burudani. Panama ilikuwa imekwisha kuona madhara ya Cichla aliyetoroka. Katika miaka ya 1960 samaki hao walitoka kwenye bwawa walimofugwa, wakaingia Mto Chagres na kufika Ziwa Gatun, ziwa la Mfereji wa Panama. Thomas Zaret na Robert Paine walieleza mwaka 1973 kwamba aina sita kati ya nane za samaki waliokuwa wa kawaida humo walikuwa wametoweka sehemu alikofika mwindaji huyo, na ndege waliowategemea walipungua.

Maziwa ya Afrika nayo yaliguswa kwa namna yake. Katika Ziwa Nyasa, wasafirishaji walihamisha mbuna kutoka mwamba mmoja hadi mwingine ili wawe karibu na vituo vyao, na kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi samaki wa mbali wakachanganyika na wenyeji.

Biashara chini ya sheria

Nchi za mwambao wa Tanganyika zilisaini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Uvuvi, ambayo chini yake mkusanyaji na msafirishaji wa samaki wa mapambo wanahitaji leseni kama wavuvi wengine. Baadhi ya samaki wa miambani wenye eneo dogo, kama Tropheus duboisi anayesakwa kwa madoa yake meupe, wamewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kuhe hayumo katika hatari inayotokana na matangi. Kinachomgusa ni nyavu za kitoweo na hali ya ziwa lenyewe.

Vipimo vilivyopatikana kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini ya ufugaji katika kioo vinaweza kufupishwa hivi. Oska na frontosa hufikia karibu kimo chao chote nyumbani, sentimita 30 hadi 35, wakipata lita mia kadhaa za maji safi. Wawindaji wa Amerika ya Kati hufika sentimita 50 au zaidi kwa gharama ya tangi zima kwa samaki mmoja. Kuhe na Cichla mkubwa wanahitaji mabwawa, na katika tangi la nyumba ya kawaida hudumaa au hufa kabla ya kuonyesha kimo walichozaliwa nacho.